Nilivyomnyang'anya Mama Jembe

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, niliporudi kutoka sokoni nikamkuta mama yangu mzazi amelala kwenye matope kati ya migomba yetu. Mvua ilikuwa kubwa. Mume wangu alikuwa amesimama kando yake, amemshikia mwavuli, machozi yanamtoka, wala hamgusi.

Ngoja nianzie nyuma kidogo ili unielewe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, nami nikaanza kuuza mitumba hapa Tukuyu. Nilikuwa kijana, mambo yananiendea vizuri. Baba alipofariki nikamchukua mama kutoka Isongole, alikokuwa akilima viazi, nikamjengea chumba chake nyuma ya nyumba yetu mtaa wa Bagamoyo, hapahapa mjini. Hedhi yake ilikuwa imekoma miaka mitano au sita nyuma. Alikuja na jembe lake begani. Nililipokea nikampa jirani.

"Mama, umelima vya kutosha," nikamwambia. "Sasa kaa."

Nikamnunulia kiti chenye mito. Maji anachota binti wa kazi, shamba analima kibarua, na akishika ufagio namnyang'anya. Majirani wakanisifu kwamba najua kumtunza mzazi, na mimi, nikuambie ukweli, sifa zile nilizipenda.

Miaka miwili ikapita hivyo. Mapaja yake yakapungua, mikono ikalegea. Akitaka kuinuka, anajisukuma kwa mikono mara mbili, mara tatu. Siku moja akaniita kwa jina langu, akaniambia, "Tumpe, miguu yangu inanikimbia." Nikacheka, nikamjibu kwamba nayo imestaafu. Hakuwa amefika hata sitini, mwanangu. Jibu lile linaniuma mpaka leo.

Basi siku hiyo ya mvua alikwenda kuanua kanga zake, akateleza. Hakuumia. Alishindwa tu kuinuka. Mume wangu, aliyekuwa mwalimu, alikuwa peke yake nyumbani, akamkimbilia. Lakini unajua heshima ya kwetu kati ya mkwe na mama mkwe, hawagusani kabisa.

"Usinishike, baba," mama akamwambia. "Niitie wanawake."

Mume wangu akaita mpaka sauti ikamkauka. Wanawake wote, hata binti wa kazi, walikuwa sokoni na mashambani. Akabaki kushika mwavuli. Walikaa vile muda mrefu, mtu na mkwewe, mpaka nilipofika na jirani yangu tukamnyanyua, anatetemeka.

Tulimpeleka hospitali. Daktari akampima, hakuna mfupa uliovunjika. Ndipo nesi mmoja, mama wa Kipare aliyehamishiwa huku kikazi, akamwomba mama ainuke kwenye kiti bila kushika kitu. Akajaribu. Hakuweza. Nesi akanigeukia.

"Nyumbani nani anachota maji?"

"Binti wa kazi."

"Nani analima?"

"Kibarua."

"Na mama anafanya nini?"

"Anapumzika," nikasema, bado najivunia.

"Dada, mwanamke akikoma hedhi, misuli na mifupa yake huanza kupungua upesi. Asipoitumia, inakwisha zaidi. Wewe umempumzisha mpaka hawezi kuinuka. Mimi umri wangu ni kama wake, na kila asubuhi nainuka kwenye kiti mara kumi kabla sijavaa sare."

Nilitazama chini.

Nyumbani mama alijifungia chumbani siku kadhaa. Kilichomliza ni kwamba mkwewe alimwona kwenye matope. Halafu asubuhi moja akaniita nimwekee kiti karibu na meza. Siku ile aliinuka mara tatu tu, ameshika meza, jasho linamtoka. Tulifuata tulivyoelekezwa na yule nesi: kuinuka na kukaa, kusukuma ukuta kwa viganja, kunyanyua visigino huku ameshika mlango, kisha kubeba kidumu kidogo cha maji kila mkono. Siku moja anafanya, ya pili miguu inapumzika. Maharage na maziwa nikamwongezea. Kuna siku alinikasirikia, akasema nimemfanya mtoto wa shule. Ilipopita miezi, nikamnunulia jembe dogo, akalima mboga zake, nami nikajifunza kutomnyang'anya.

Mwaka uliofuata dada yake mama alifariki huko Isongole. Wanawake tulikaa chini msibani, kama kawaida. Nilimbebea kigoda, akakikataa. Jeneza lilipotolewa, niliinama nimnyanyue. Akausogeza mkono wangu. Akaweka kiganja chini, goti moja, akavuta pumzi, akainuka mwenyewe, akaenda kumzika dada yake. Mimi nyuma yake nililia kwa sauti, watu wakadhani namlilia mama mkubwa tu.

Sikudanganyi kwamba yote yalirudi. Miteremko mikali ilimshinda mpaka mwisho wa maisha yake. Nguvu zilizopotea miaka ile miwili niliyomkalisha, sehemu yake haikurudi kamwe.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Mama yako aliyekuzaa akianza kuzeeka, msaidie mzigo mzito, lakini usimwondolee kazi yote. Mwache abebe anachoweza, apande kilima taratibu, ainuke mwenyewe hata kama anachelewa na wewe una haraka. Akiwa na maumivu au ugonjwa wa moyo, waulize kwanza watu wa hospitali. Na wewe mwenyewe, binti, usisubiri hedhi ikome ndipo uukumbuke mwili wako. Mimi sasa nimeshakuwa bibi, na kila siku ya pili nafanya mazoezi hayohayo, hata siku ambazo sitaki.

Mungu akujalie umri mrefu, mwanangu, na katika umri huo akupe miguu ya kukupeleka kanisani, shambani na kwa wagonjwa wako. Nenda kwa amani.