Paa la Mama Mkwe

Fundi wa mapaa kuwa na mama mkwe anayevujiwa ni aibu isiyo na pa kujifichia. Nyumba ya mama mkwe wangu, mtaani Gihosha, ina paa bapa la zege lililovishwa mpira mweusi, na mpira huo niliutandika mwenyewe. Sasa maji yalikuwa yakidondoka sebuleni, palepale ambapo Jumamosi wageni wangekuja kumposa binti yake wa mwisho. Nilikuwa nimebandika viraka vitatu juu ya hapo, na bado maji yalidondoka.

"Mukwe wangu," aliniambia kwa upole ulioniuma kuliko matusi, "kama umeshindwa, useme tu. Nitaita fundi mwingine."

Kosa langu nililijua. Maji hupenya mahali pamoja, yakatambaa chini ya mpira, yakatokea kwingine kabisa. Dawa yake ni kumwagilia paa kipande kwa kipande, huku mtu akikodoa macho ndani. Mtu huyo sikuwa naye. Mke wangu alikuwa kazini, na mama mkwe, kila niliposhika ngazi, alikuwa akitoka kwenda kukaa uani. Kwao mkwe hakanyagi juu ya kichwa cha mama mkwe, na mimi nisingethubutu.

Alhamisi nikamwagilia peke yangu, napanda, nashuka kuchungulia, napanda tena, mpaka magoti yakagoma. Mama mkwe alinitazama, akacheka hadi akafuta machozi. Kisha akachukua mwavuli, akaingia sebuleni, akaufungua.

"Sasa hauko juu yangu, uko juu ya mwavuli. Mimina!"

Nilimimina huku nikicheka. Nilipofika pale bomba la tangi la maji linapotoboa paa, hatua sita kutoka kwenye viraka nilivyojivunia, nikasikia kelele chini: "Inadondoka! Simama apo apo!" Mpira ulikuwa umeachana na bomba, upenyo mwembamba usioingia hata ukucha. Kesho yake, paa lilipokauka, nikasugua, nikapaka gundi, nikazungushia kiraka, nikakikandamiza kwa rola mpaka mkono ukafa ganzi.

Jumamosi mvua ilishuka wageni wakiwa katikati ya salamu zao. Sikusikia hata neno moja kwa hofu. Macho yangu yalikuwa darini. Mama mkwe, amependeza katika vazi lake jipya la sherehe, imvutano, alinyanyuka, akabeba kiti chake, akakiweka palepale palipokuwa panavuja, akakaa bila kutazama juu.