Mama Vibanio na Kamba Nne za Nyumba Namba Tisa

"Kata uone," anasema bibi wa nyumba namba tisa, nesi mstaafu mwenye miaka sabini na moja, akiwa amesimama katikati ya nguo mbichi kama golikipa. "Nimechoma watu sindano miaka thelathini na nne. Wakubwa kuliko wewe wamelia mbele yangu. Kata hiyo kamba uone."

"Bibi, sikuja kugombana," anajibu jirani yake wa namba kumi, ambaye ndiye mwenyekiti wa chama cha wakazi. "Kanuni imepitishwa na mkutano. Nguo zisionekane kutoka barabarani."

"Basi waambie wanaopita waangalie mbele."

Ni saa tatu asubuhi. Nyuma ya mwenyekiti wapo walinzi wawili wa getini. Mmoja ameshika mkasi wa kukatia maua, na wote wawili wanaangalia viatu vyao. Nyumba za jirani mapazia yanacheza. Mtaa huu una nyumba arobaini na mbili, ukuta mmoja wa kuuzunguka, geti moja la kuingilia na rangi moja ya kuta, na kwa kawaida watu wake husalimiana kwa honi. Leo hakuna aliyewahi kazini.

Pembeni, kwenye beseni, ameinama mwanamke ambaye ugomvi wote huu ni wake. Ni dobi, ana miaka hamsini na miwili, na watu humwita Mama Vibanio kwa sababu akianika huvaa vibanio vya nguo shingoni kama mkufu. Hasemi neno. Anakamua shuka.

Kadi yake ya getini, ile yenye picha yake ambayo bila hiyo haruhusiwi kuingia wala kutoka, tayari imo mfukoni mwa mwenyekiti.

Amefua kwenye mtaa huu miaka kumi na moja. Kila siku hutembea kilomita tano, na saa kumi na mbili na nusu yuko getini. Anafulia nyumba sita, na siku ya mashuka hubeba hadi ndoo hamsini za maji. Kamba zake ni nne, na zote ziko uani kwa bibi, kwa kuwa ndio ua pekee unaopigwa na jua kutwa nzima. Kwa kamba hizo amesomesha binti zake wawili. Mdogo amebakiza muhula mmoja amalize ufundi umeme.

"Bila kamba mimi si dobi," hupenda kusema. "Ni mtu tu mwenye nguo za watu zilizolowa."

Balaa lilianza mwezi uliopita. Mkazi mmoja alipiga picha ya kamba akaitupa kwenye grupu la simu la wakazi, akaandika: "Tumefikia hapa?" Majibu yalikuwa mia moja na kumi na mawili, na mtu mmoja alidai ameona soksi zake. Ndipo mwenyekiti akaitisha mkutano, akashauri kila nyumba inunue mashine ya kukaushia nguo kama ya kwake. "Kwangu hutakuta kamba hata moja," aliwaambia. Wakapiga makofi.

Asubuhi hii ameamua kuanza na jirani.

"Kata," anamwambia mlinzi.

Mlinzi anamwangalia Mama Vibanio kama anayeomba radhi. Mkasi unafanya kazi yake. Kamba ya kwanza, ile ya karibu na ukuta wa namba kumi, inalegea, na mashati sita meupe yanalala kwenye udongo. Mwenyekiti anapiga hatua mbele ili aonyeshe kamba ya pili.

"Baba, usikanyage."

Sauti inatoka kwenye geti la namba kumi. Ni mke wake. Amekuja peku, mkononi bado ana mwiko.

"Hilo ndilo shati lako la mkutano wa Jumamosi."

Mwenyekiti anacheka kidogo, kama mtu aliyesimuliwa kichekesho asichokielewa. Halafu anainama, analiokota shati, anasoma lebo kwenye kola. Analigeuza. Kwenye pindo kuna mshono mdogo wa uzi wa bluu. Kila nyumba ina uzi wake. Ndivyo Mama Vibanio anavyozuia nguo za nyumba sita zisichanganyike. Wa bibi ni mwekundu. Wa bluu hajawahi kumwambia mtu ni wa nani.

"Si tuna mashine?" mwenyekiti anauliza polepole.

"Ilikufa mwaka juzi. Inawaka taa tu. Naweka humo mashuka ya wageni."

"Na nguo zangu?"

"Zinapita juu ya ukuta. Jumatatu na Alhamisi."

"Mimi ndiye ninayelidaka fuko la nguo," anasema bibi. "Na mgongo huu."

Mwenyekiti anaukodolea macho ukuta aliousimamia mwenyewe wakati unajengwa. Mdomo uko wazi. Mlinzi mwenye mkasi amegeukia upande wa pili, mabega yanamtikisika.

"Miaka miwili," mwenyekiti anasema. "Miaka miwili hukuniambia."

"Kila nikitaka kukwambia nakukuta unamsifia mgeni hiyo mashine. Na chumba cha kufulia hujawahi kuingia tangu tuhamie, baba. Ningekwambia ungeuliza kiko wapi."

Linaloduwaza zaidi ni ukimya wa Mama Vibanio. Neno moja tu lingemwokoa, na hakulisema hata mkasi ulipofunguka. Aliwaza nini?

"Dobi anajua mengi," atasema baadaye akiulizwa. "Anajua nani amehamia chumba cha wageni na nani ameanza kupungua mwili. Nikianza kuyatoa, nyumba gani itanipa tena shuka lake? Yule mama aliniomba nifunge mdomo. Nikaufunga."

Neno lake la kwanza asubuhi hiyo analisema akiwa amenyoosha mkono: "Lete hilo shati, mwenyekiti. Nikilisuuza sasa hivi, jua la mchana litaliwahi."

Anapewa. Mlinzi aliyekata kamba ndiye anayeifunga upya, mafundo mawili.

Kanuni bado ipo, na ni mkutano wa Jumamosi tu unaoweza kuibadilisha. Mama Vibanio ameshapata la kuomba. Nyuma ya tangi la maji kuna kiwanja kisichotumika, amekipima kwa hatua zake: kumi na mbili kwa nane, na ukuta unakikinga kisionekane barabarani. "Wanipe pale. Nianike nguo za mtaa mzima, na nimlete mwenzangu mmoja tusaidiane," anasema. Bibi ameahidi kusimama na kulisemea. Wa kumkatisha bado hajazaliwa.

Saa saba mchana mashati sita yamenyooshwa. Mama Vibanio anayapeleka namba kumi, na kwa mara ya kwanza hayapitishi juu ya ukuta. Anapita njia ya kawaida, akielekea mlango wa nyuma. Unaofunguka ni wa mbele.

Mwenyekiti anayapokea kwa mikono miwili, kama mtoto mchanga.

"Kadi yangu, baba," anasema Mama Vibanio. "Nitatokaje getini?"

"Iko mezani, pembeni ya sahani yako."

Anaiangalia miguu yake, kisha sakafu inayong'aa. "Ndala zimelowa."

"Ingia hivyo hivyo, mama. Chakula kinapoa."