Tope Lililogoma Kutulia

Asubuhi hii mfereji wetu hapa Lodwar umetoa maji ya tope, na harufu yake imenirudisha Kakuma, utotoni. Mto ambao kwa kawaida huwa mkavu ulikuwa umefurika ghafla. Dada yangu mdogo alikuwa akiharisha tangu jana yake, nasi tulikuwa na ndoo moja tu ya maji ya mtoni, rangi ya chai ya maziwa. Mchanga ulizama upesi, lakini tope laini liligoma. Kila nilipochovya kikombe, maji yalivurugika upya.

"Yaache yatulie!" mama alifoka.

"Lakini analia, mama!"

"Namsikia."

Kwa hasira niliipiga ndoo teke, maji yote yakamwagika. Mama hakunichapa. Aliiokota, akarudi mtoni.

Dada alikunywa jioni. Mimi sikunywa, ingawa hakuna aliyenikataza.