Nimekosolewa kwenye wimbo wangu mwenyewe

Leo nimefundishwa wimbo nilioutunga mwenyewe.

Tulikuwa Matai, tunamzika dada yangu Anastazia. Kila wimbo niliotunga, yeye ndiye aliyeuimba kwanza, jikoni kwetu Chanji.

Kwaya ya pale ikaanza mmoja wa nyimbo hizo. Nikajiunga na besi.

Mwalimu wao, binti mpole tu, akanisogelea. "Shikamoo baba. Hapo besi wanashuka, hawapandi."

Jamani, mimi niliandika wapande. Anastazia ndiye aliyeniomba.

"Marahaba. Nani katunga?" nikamuuliza.

"Hajulikani, baba. Tumeukuta hivyohivyo."

Nilitaka kumwambia.

Waliporudia kiitikio, nikashuka nao.

Nimesharudi nyumbani. Bado sijalia.

Nyie mngemwambia?