Matundu Mapya ya Mkanda

Fundi Soli, mshona viatu, alisifika kwa kumsoma mtu kwa kiatu chake. Mpe kiatu kilichochakaa, atakwambia mwenye nacho ana haraka au anaburuta mguu. Lakini nyumbani kwake, wee! Haoni hasikii. Mwanawe wa mwisho alipoanza kusukuma sahani pembeni, baba alicheka: "Leo Bonge langu linaringa!"

Bonge ndilo jina alilompachika tangu utotoni kwa unene wake, na mtaa mzima ukalidaka.

Jumamosi moja alichukua viatu vya kijana huyo avipige rangi. Zile soli mpya alizovitia mwezi uliopita zilikuwa zimelika hadi kutoboka. Huyu anakimbia wapi? Kumbe yale masomo ya alfajiri aliyoaga kwenda kila siku yalikuwa mbio! Akauvuta mkanda wa kijana uliokuwa umetundikwa msumarini. Fundi alikuwa ameukata mwenyewe, akautoboa matundu matano. Sasa yalikuwa tisa, na yale manne mapya yalikuwa safi, ya mviringo. Hayo si ya msumari. Yalitobolewa kwa chuma cha fundi mwenyewe cha kutobolea ngozi.

Akaingia nao chumbani mwa kijana. Jua lilikuwa kali, lakini kijana alijikunyata kitandani ndani ya sweta, meno yakigongana. Chini ya kitanda kulikuwa na chakula cha jana, kimefungwa kwenye gazeti. Fundi akamshika mkono. Vidole vyake vikauzunguka wote na nafasi ikabaki.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Siumwi, baba. Bado tundu moja tu."

"Halafu?"

"Halafu utaacha kuniita Bonge."

Maisha yake yote Fundi hakuwahi kuogopa namna ile. Akatupa mkanda, akamwinua mtoto waende zahanati. Hawakufika mbali, kijana akaanguka kwa magoti. Fundi akambeba mgongoni, na hapo ndipo hofu ilipomzidi: mtoto wa miaka kumi na sita alikuwa mwepesi kama ndoo tupu. Njia nzima alimsemesha, akihofia akinyamaza, mtoto naye atanyamaza moja kwa moja.

Muuguzi akamlaza kijana, akampima mapigo ya moyo, uso ukambadilika. Akamwita daktari kwa sauti. Kisha akafungua daftari.

"Jina la mgonjwa?"

Fundi akafungua kinywa. Lililomjia ulimini lilikuwa lile lile la Bonge. Akalimeza. Jina lake halisi likakataa kuja, na kijana kitandani alikuwa amemkodolea macho, akisubiri kusikia baba atamwita nani.