Ukoko wa Bi Kidawa na Sanduku la Jua

Kijiji chetu cha Tingi kilipokwisha kupangwa kwa mistari, nyumba zikitazamana kama wanafunzi kwenye gwaride, maendeleo nayo yaliona haya kuchelewa. Yaliletwa kwa trekta: sanduku la mbao, ndani jeusi, juu kifuniko cha kioo. Tukaambiwa linapika kwa jua, bila kuni. Nasi tulivyo matajiri wa jua, tukapiga makofi mpaka viganja vikauma.

Akakabidhiwa Bi Kidawa, mpishi wa harusi na hitima zetu zote. Mwanamke aliyeivisha pilau la kijiji kizima kwa kuni mbichi, sasa alitakiwa afundishwe kupika. Mwalimu wake? Abdulatifu, katibu wa kijiji, ambaye kwake hata maji ya chai alichemshiwa.

"Mama, chakula kikatwe vidogo vidogo, kitandazwe, kisirundikwe. Sufuria ifunikwe. Na usifungue ovyo, joto litatoroka."

"Nimesikia, baba. Na likitanda wingu?"

"Wingu halimo kwenye mpango, mama."

Lakini sanduku nalo tulipe haki yake, jamani: muhogo uliiva ukalainika, na macho ya Kidawa, yaliyolizwa na moshi tangu usichana wake, yakapumzika. Akalipenda sanduku. Ndiyo maana watu wa Likawage walipokuja kumposa binti yake, Adija, aliweka wali wa nazi humo humo. Msafara uliongozwa na Bi Kazija, shangazi wa kijana, mama mpole kabisa, aliyewahi kuvunja posa kwa ajili ya chumvi tu.

Abdulatifu akaileta kamati nzima ije ishuhudie. Wakalizunguka sanduku, mikono nyuma, wakilikinga jua barabara. Kila mjumbe akainua kifuniko kidogo, aone joto limefikia wapi.

"Wanangu, mnanipikia kwa kivuli," Kidawa alisema.

Kamati ikaenda barazani kusubiri sahani, na hapo wali ukapata nafasi ya kuiva. Bi Kazija akaonja, akatafuna polepole.

"Umeiva," alisema, kama anayetoa taarifa ya msiba. "Ukoko uko wapi, dada?"

Adija akainamisha kichwa. Kwetu, shangazi wa mposaji hutengewa ukoko. Huo ndio humwonyesha kama nyumba hii inaujua moto. Na jua, pamoja na ukubwa wake wote, halijui kuweka ukoko.

"Unakuja, mwenzangu," Kidawa alijibu. Akafanya alichofanya maisha yake yote: akaupalia wali. Makaa ya vifuu vya nazi chini ya sufuria, mle mle sandukuni, makaa ya vifuu juu ya kifuniko. Mkono ulikwenda wenyewe. Kwamba chini palikuwa mbao na juu kioo, mkono haukuambiwa.

Ta! Kioo kikapasuka. Kisha mbao zikashika moto.

"Mali ya umma!" Abdulatifu alipiga yowe. "Mama, unachoma maendeleo!"

"Yaache yawake, baba. Leo ndiyo yanapika."

Sufuria ilikuwa imefunikwa sawasawa, hakuna kigae kilichoingia. Kidawa akaiopoa motoni, akakwangua ukoko mwekundu, mkavu, unaolia mdomoni. Bi Kazija akautafuna wote kabla ya kufungua kinywa.

"Tumekubali," alisema, akijifuta midomo. "Ila Adija aje na mafiga yake tu. Mbao kwetu tunatengenezea milango."