Nyuma ya pazia la Mama Geti

Saa sita na nusu mchana, jua la utosi. Nje ya shule moja ya chekechea akina mama wamejibanza ukutani, wanagombania kivuli chembamba kisichotosha hata paka. Wapo waliojifunga vilemba, wapo walio vichwa wazi, na karibu theluthi yao wamevaa nikabu. Hao unawaona macho tu.

Mlinzi wa geti, mwanamke mnene wa makamo aliyevaa sare ya kaki na raba nyeupe, anavuta komeo.

"Haya jamani, wa pazia watangulie! Wengine mnapigwa upepo, wao wanaiva humo ndani."

Wenye nikabu wanaingia mmoja mmoja kwenye kachumba kando ya geti, ambapo awali palikuwa stoo ya mafagio. Mlangoni linaning'inia pazia lenye maua ya njano. Mlinzi anamfuata kila mmoja, pazia linashuka, na sauti yake inasikika hadi barabarani: "Eeh, ni wewe. Mbona macho yamevimba, hujalala?" Kisha anatoka na kumwita mtoto kwa jina.

Mwandishi wa habari hizi, kwa kuwa ni mwanamume, alionyeshwa kwa kidole pa kusimama. Ni pale kwenye bomba la maji, na asisogee.

Hapa kila mtu humwita Mama Geti. "Jina la kwenye cheti nimeshalisahau," anasema, akicheka mpaka kirungu chake kinamtoka kiunoni. Ni mjane, na Jumapili huenda kanisani. Amekaa kwenye geti hili miaka kumi na mmoja, na mshahara wake ndio unaolipa kodi ya vyumba viwili na ada ya chuo cha ufundi ya kitinda mimba wake. "Nikiukosa huu, tunafungasha," anasema.

Mwaka huu nusura aukose.

Ilikuwa siku ya mvua, watu wanakimbizana na miavuli. Mtoto mmoja wa miaka minne, anayeitwa Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi aliyozaliwa nayo shavuni, alikuwa ndani ya geti akimsubiri mama yake. Mama Kidoti huvaa nikabu. Akapita mwanamke mwingine, naye kavaa nikabu, anawachukua mapacha wake na mtoto wa jirani. Kidoti akaona baibui jeusi, akadaka pindo, akafuata.

Mama Geti aliwaona wakitoka. Kidoti ameshika baibui, baibui limefunika uso, basi huyo ni mama yake. Akafungua.

"Nilikisia," anasema, na hapa hacheki. "Kwenye geti la watoto mlinzi hakisii."

Mama Pacha, kama anavyojulikana, hakugeuka nyuma njia nzima. Alifika nyumbani akiwa amelowa chapachapa, akawaketisha watoto, akapakua sahani tatu. Mtoto wa nne akauliza, "Na mimi?"

"Weee! Nilidhani nimeona jini!" anasimulia Mama Pacha, ambaye leo anaweza kuicheka. "Namwuliza, wewe wa nani? Ananijibu, wa mama. Wa mama yupi? Wa mama yangu! Nilitoka mbio hata kandambili nikaziacha."

Wakati huo Mama Kidoti, mimba yake ikiwa imeshaanza kuonekana, alikuwa amefika getini. Aliambiwa mtoto ameshaondoka na mama yake. Akakaa chini palepale kwenye matope.

"Alinishika mikono yote miwili," anakumbuka Mama Geti. "Akaniuliza, 'Umempa nani mwanangu?' Nimjibu nini? Nilikuwa nimeipa nguo. Sura sikuiona."

Haikupita saa moja, Mama Pacha akatokea akihema, miguu peku, Kidoti mgongoni anatafuna. Mtoto kapatikana mzima. Moto wenyewe ndipo ulipowaka.

Kesho yake wazazi walijaa darasani, watu wazima kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Aliyesema kwa sauti kuliko wote ni fundi wa majokofu anayeitwa Fundi Barafu. Alitaka kuanzia siku hiyo mtu aliyefunika uso asikanyage getini. "Hatujui nani ni nani! Leo mtoto karudi, kesho je?" Wengi wakapiga makofi.

Baba mmoja upande wa pili akapandisha mori. Mke wake, alisema, hawezi kufunua uso barabarani kwa sababu ya geti, na wakilazimishwa watawahamisha watoto wao. Mwingine akadakia: mlinzi afukuzwe, yaishe.

"Walibishana hadi sauti zikawakauka," anasema Mama Geti. "Wenye nikabu wamekaa mstari wa nyuma, hakuna anayewauliza. Na mimi nimesimama mlangoni, nasubiri nihukumiwe."

Hapo akasimama Mama Kidoti.

"Aliyepotelewa ni mimi," alisema. "Mnaigombania nguo yangu, na shule haina hata pembe moja yenye pazia. Mwanamke mwenzangu nitamwonyesha uso kila siku, mahali ambapo hakuna mwanamume. Tutafutieni mahali." Kisha akamgeukia mlinzi. "Lakini wewe sikuamini. Ujue hivyo."

Mwalimu mkuu akatoa uamuzi: chumba kijaribiwe mpaka shule zifungwe. Mtoto mmoja tu akitoka na mtu asiye wake, mlinzi anakwenda nyumbani, na nikabu inapigwa marufuku getini.

"Nikaona makubwa haya," anasema Mama Geti. "Nikiteleza, siumii peke yangu. Na akina mama wale wote nimewamaliza."

Stoo ikafagiliwa. Pazia alilitoa dirishani chumbani kwake mwenyewe. Siku za mwanzo akina mama waliingia wakinung'unika, na yeye akitazama kila uso kama anayesoma barua ya serikali. Taratibu wakazoeana.

"Mmoja ana mwanya, jamani, sijapata kuona! Mmoja nilikuwa namwamkia shikamoo miaka miwili, kumbe ni kabinti, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Mwingine akifunua tu ananitolea ulimi." Akafika mahali anajua nani anaumwa jino na nani ametoka kulia. Anayetoka kulia hukaa mle ndani kidogo zaidi, na foleni husubiri bila kuambiwa sababu.

Mama Kidoti peke yake hakuzoeka. Aliingia, akafunua, akafunika, akatoka. Salamu hakuna.

"Ananionyesha uso wake halafu hanisemeshi," anasema Mama Geti. "Heri angenitukana nikajua moja. Nilikuwa narudi nyumbani, chakula hakipiti."

Kichekesho, maana hakikukosekana, alikileta Fundi Barafu. Mchana mmoja alikuja na pikipiki, helmeti kichwani, kioo cheusi kimeshushwa, kitambaa cha vumbi kimefunga mdomo. Akanyoosha mkono juu ya geti. "Nipe mwanangu."

"Wewe nani?" akauliza Mama Geti.

"Mimi!"

"Mimi nani?"

"Mama Geti, si unanijua!"

"Pikipiki naijua. Wewe bado sijakuona. Vua, baba, nikuone."

Kicheko kilianzia nyuma ya pazia, kikapita foleni nzima, hadi muuza karanga wa ng'ambo ya barabara akavuka kuja kuuliza kulikoni.

"Nilivua. Ningefanyaje?" anasema Fundi Barafu, akijikuna shingo. "Miaka miwili nakuja vile, hakuna aliyewahi kuniuliza, hata mimi sikuwahi kujiuliza." Wiki iliyofuata alileta feni ndogo na kuifunga mwenyewe ndani ya kachumba. Kwenye mkutano uliofuata, wanasema, alikaa kimya, na kwake huko ni kuugua.

Ikabaki wiki ya mwisho kabla ya kufunga. Watoto wamekaribia kuisha, akaja mwanamke mwenye nikabu, anatembea haraka. Kidoti alipomwona tu akaruka kwa furaha. Mama Geti akamwongoza nyuma ya pazia.

Uso ukafunuliwa. Hakuwa Mama Kidoti.

"Mimi dada yake," alisema mgeni. "Mwenzio yuko hospitali, anajifungua. Nipe mtoto niwahi."

Kwa jinsi Mama Geti anavyosimulia, alimtazama mara mbili. Walifanana. Pua ileile, paji lilelile. Mtoto anamwita mama mdogo na kumvuta baibui. Na mlinzi anajua fika kwamba akimkatalia dada huyu, Mama Kidoti, ambaye tayari hamsemeshi, anaweza kuwa adui yake wa maisha.

"Sura yako siijui, mwanangu," akamwambia. "Simtoi."

Dada akalalamika, akabembeleza, mwishowe akafoka: mtoto mwenyewe si ananijua? "Mtoto aliwahi kumjua na mwingine," Mama Geti akamjibu, na komeo akalifunga. Simu ya mama haikupokewa, ya baba haikupatikana. Wakakaa wote watatu kwenye benchi, Kidoti katikati, anakula biskuti za mlinzi.

Jua limeanza kupungua ndipo simu ya dada ikaita. Alikuwa Mama Kidoti. Dada akamweleza yote, kisha akampa Mama Geti simu, naye akaiweka sikioni.

"Umemkatalia dada yangu?" Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka sana.

"Nimemkatalia."

"Na Kidoti alimkimbilia?"

"Alimkimbilia. Nikamkatalia hivyohivyo."

Mama Geti alifumba macho, akisubiri matusi. Alichosikia ni kilio, halafu kicheko ndani ya kilio.

"Alhamdulillahi," alisema Mama Kidoti. "Miezi yote hii sijatulia mwanangu akiwa shule. Leo nitalala, Mama Geti. Wallahi leo nitalala."

Utaratibu lakini ni utaratibu. "Sauti nimeisikia, mwanangu, na uso je?" Akaingia nyuma ya pazia na simu, ikapigwa ya video. Mama Kidoti akatokea, nywele timutimu, jasho usoni, anacheka na kulia. Halafu akaishusha simu, na kwenye kioo kikajaa kichanga kilichokunja uso kwa hasira.

"Nikamwambia, haya, sasa namtoa," anasema Mama Geti. "Nikakaa chini kwenye ndoo, nikalia kama mtoto."

Shule zikafungwa bila mtoto mwingine kupotea. Kamati ikakubali kachumba kawe ka kudumu, na geti jipya likijengwa litakuwa na chumba cha matofali. Mama Geti ameomba kiwekwe kioo, akina mama wajitengeneze kabla ya kutoka. Mabishano kuhusu nikabu yanaendelea huko redioni na vibarazani, na yeye husikiliza akichambua mboga. "Waje wasimame hapa saa sita na nusu," anasema.

Mpango wake mwingine ni kutostaafu haraka. "Yule kichanga sura yake niliiona kabla ya baba yake. Na yeye lazima nimfungulie geti hili. Baada ya hapo, nikapumzike."

Anasema hayo akimtazama mwanamke mwenye nikabu anayefika na mtoto mchanga kifuani. Mama Kidoti anaingia nyuma ya pazia. Aliyesimama kwenye bomba haoni kitu, anasikia tu vicheko viwili, na kimoja hakina haraka ya kwisha.

"Kidoti!" anaita mlinzi.

Mtoto anakuja mbio, mkoba unamgonga mgongoni. Hadaki pindo. Anasimama miguuni kabisa kwa mama yake, anainua kichwa na kuchungulia kutoka chini ya nikabu, bila haraka, mpaka aridhike. Kisha anashika mkono.

"Mwone yule," anasema Mama Geti, akifungua komeo. "Huyo ndiye atakayenirithi kazi."